Kipande cha Kuliwa na Kutu

Juzi pale Mikumi, basi letu likiwa limesimama kubadilishwa tairi, nilimwona fundi wa bomba la mafuta akimwagia maji ardhi kavu kando ya jiko la mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma. Akachomeka kijiti kwenye tope, akaunganisha waya, akaikodolea macho mita yake.

"Mwanangu, unamwagilia nini hapo, hata jani halipo?" mama akauliza huku akipepea mkaa.

"Shikamoo mama. Napima kutu, na kipimo hakishiki kwenye udongo mkavu. Hapa chini kuna bomba la chuma, na ubavuni mwake tumezika kipande cha madini. Kutu inakula hicho kipande, bomba linapona."

"Marahaba. Na kikiisha?"

"Ndiyo maana tunakuja kupima. Kikikaribia kuisha, tunazika kingine."

Mama akaacha kupepea. "Basi kwetu kipande hicho ni mimi, kifungua mimba. Wadogo zangu wote wamesoma kwa mgongo wangu, na wanang'aa kweli kweli. Ila wa kuja kunipima mimi, bado sijamwona."

Abiria tukaangua kicheko, naye akacheka, akageuza hindi lake.

Bomba lina bahati jamani: lina ofisi, lina fundi, lina mita. Basi lilipoondoka nikampigia dada yangu mkubwa aliyeko Kilosa, kumjulia hali tu. Kabla sijamaliza shikamoo, akadakia: "Haya sema, safari hii umekwama wapi?"