Leo dokta amesoma kaye yangu

Leo nimemwekea dokta mkono juu ya kaye ili asiandike.

Kaye yenyewe ni yangu, daftari la shule tunalobeba kila tukienda hospitali. Hii ni ya tatu. Tumbo linaniuma tangu mwaka jana, na kila dokta anaandika gastriti, halafu ananikataza chakula kimoja. Pilipili nikaacha. Maharage nikaacha. Ndagala nazo, jamani, visamaki vyangu na bugali!

Leo hata sijakaa vizuri, dokta ameshashika biki aandike.

"Mama, hii ni gastriti. Acha na..."

"Apana, dokta. Usiandike. Soma kwanza."

Nikamfungulia kaye zote tatu mezani. (Watu wa foleni wanagonga mlango. Wagonge.)

Akasoma akirudi nyuma mpaka ukurasa wa kwanza kabisa.

Mwandiko ni wake. Muhuri ni wake. Yeye ndiye aliyeanza kuniandikia gastriti, na hata sura yangu haikumbuki.

Mi nilikuwa nimejiandaa kugombana, wallahi.

Akaweka biki chini. "Mama, sijui una nini. Nionyeshe panapouma."

Mwaka mzima natamani mutu aniambie hivyo. Nikaweka kidole, machozi yakaja kabla ya maneno.

Jumatatu narudi kwa vipimo vipya. Jina la ugonjwa bado sina.

Nyie mulioandikiwa gastriti bila kuguswa tumbo, muliishia wapi?

Mi niko hapa Bwiza, kibarazani. Jirani anakaanga ndagala. Nimesogeza kiti upande moshi unakokuja.