Mama Kapotea

Jamani, leo mdogo wangu nusura aniue kwa neno moja.

Asubuhi niko kazini, kanitumia meseji: "Dada, mama kapotea kabisa."

Nampigia, hapatikani. Mama naye hapokei.

Nikaaga huku nalia, bodaboda mpaka kwa mama Madale.

Namkuta mama uani, anachambua mchicha!

Nilimkumbatia hata kabla ya shikamoo.

Ndipo mdogo wangu akapiga: "Dada, mie nilimaanisha siku nyingi hajaja kwangu Mtoni."

Nikamweleza mama, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Mie nipo hapa hapa, mwanangu. Nyie ndio mmepotea."

Mara yangu ya mwisho kufika kwake ilikuwa Pasaka.

Nikavuta kigoda, nikakaa. Kazini sikurudi.

Nyie wenzangu, kwenu mmeenda lini?