Barafu ya Kuchemshia Chai

Wifi yangu, muuza kamba wa baharini, ndiye aliyeniambia kwanza. Alimkuta kaka yake, yaani mume wangu, kwenye duka la mitungi ya gesi hapa Kibiti, pesa mkononi. Nilikuwa nimemwomba mtungi mdogo tangu mvua zianze, maana moshi wa kuni mbichi unamkohoza mtoto.

Dukani palikuwa na mwalimu wa sayansi, akieleza kwamba chini kabisa ya bahari kuna barafu iliyofungia gesi. Wataalamu wanajaribu kuipiga kwa plazma, gesi yenye joto kali inayowashwa kwa mawimbi, yale yale ya maikrowevu, wapate gesi ya kutumia.

"Itafika lini, Mwalimu?" mume wangu akauliza.

"Bado iko maabara, ndugu yangu."

Mume wangu akazikunja noti, akazirudisha mfukoni. "Basi tusubiri. Kwani bahari si hii hapa?"

Wifi alinisimulia huku amejishika mbavu. Mimi kubishana siwezi, na sayansi siikatai. Ila chai ya mume haijui kusubiri maabara.

Asubuhi iliyofuata alipoagiza chai, nilichukua bonge la barafu kwenye sanduku la kamba la wifi, nikamwekea mezani, na kiberiti juu yake.