Ng'ombe wa Mzee Kipkemoi Waliopotea Ndani ya Kompyuta

Saa mbili na robo asubuhi, Mzee Kipkemoi ni ng'ombe.

Amesimama katikati ya jengo la kupozea maziwa, nje kidogo ya Mogogosiek, kofia mkononi, kadi ikining'inia shingoni kwa uzi wa gunia. Imeandikwa NG'OMBE kwa kalamu nene. Kulia kwake yuko rafiki yake wa tangu ujana, Kiptum, ambaye ni BOMA. Kushoto ameketi mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, Wambugu. Yeye leo ni DAFTARI, na uso wake unaonyesha hakuiomba kazi hiyo.

"Mbona ng'ombe halii?" Kiptum anachokoza.

"Nyamaza. Boma haliongei," anamjibu Ng'ombe.

Anayewapanga wazee hawa ni Caren Chepkurui, 38, mwandishi wa programu za kompyuta. Kompyuta yenyewe bado imo ndani ya mfuko wa plastiki. Ukungu wa huku asubuhi huwa mzito kiasi kwamba ukitundika koti juu yake halianguki, na mashini ya Caren ni ya mitumba, kuukuu hivi kwamba ikiwashwa hukohoa kwanza.

"Nikianza na kompyuta, nitaandika upuuzi haraka sana," anasema Caren. "Nikianza na watu, upuuzi unajitokeza mapema, tunaucheka, tunaufuta."

Programu yake imejengwa kwa vitu. Kila kitu cha ushirika, kiwe ng'ombe, boma, mwanachama au daktari wa mifugo, hupewa kadi yenye maswali mawili: unajua nini, na unaweza kufanya nini? Ng'ombe anajua jina lake, mama yake na siku ya chanjo. Anaweza kuzaa, kuhama na kuugua. Ndama akizaliwa, hurithi yote anayoyajua ng'ombe, kisha huongezewa ya utoto wake. Kadi zikishaelewana, ndipo Caren huzigeuza kuwa programu.

Leo hana nafasi ya kukosea. Majaribio ya miezi sita yanaisha, na saa sita mchana kamati itachagua kati ya programu yake na daftari jeusi ambalo Wambugu amelitunza miaka kumi na tisa. Ikichagua daftari, Caren, mama wa watoto wawili, atapoteza kibarua cha shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi. Atarudi kupima majani chai kituoni, kazi aliyoifanya miaka tisa huku akijifunza programu kwa simu, foleni ya wachumaji ikiwa fupi.

Na kosa lilikuwa lake, hakatai.

Caren alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho, mahali ambapo mfugo mkubwa kuliko wote ulikuwa jogoo. Alipoitengeneza kadi ya ng'ombe, aliandika jambo lililoonekana wazi kama jua: mwenye ng'ombe ni mwenye boma analolala.

Hakujua kimanagan, desturi ya kuwapa wengine ng'ombe wako wakulelee. Kwa Wakipsigis wa huku, tangu zamani, mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Rafiki humpa ng'ombe mmoja, binamu humpa wawili, na shemeji wa ng'ambo ya mto humpa mwingine. Mlezi hunywa maziwa, mwenye hubaki mwenye, na ugonjwa ukiingia boma moja haumalizi mali yote. Na faida nyingine, ambayo wazee huitaja kwa sauti ya chini, ni kwamba jirani hajui una ng'ombe wangapi.

Mwezi uliopita Caren alichapisha orodha na kuibandika ukutani. Kiptum, mwenye ng'ombe wawili, alisomeka ana saba. Jumapili hiyohiyo akaombwa awe mgeni wa heshima kwenye harambee ya kanisa. Mzee Kipkemoi, 71, alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Kipkemoi: ng'ombe 1.

"Nilikuwa karibu kuanguka," anakumbuka. "Wezi wa mifugo walikuja mwaka wa njaa wakashindwa kunimaliza. Hii mashini ikanimaliza kwa dakika moja, tena bila kuvuka mto!"

Kwa siku tatu, wanasimulia vijana wa bodaboda, mzee hakula chochote ila chai. Wengine wanasema chai hiyo ilisindikizwa na mkate mzima, lakini habari hiyo haijathibitishwa.

Caren aliing'oa orodha, akaenda kumwomba radhi, akaketi kwake mchana kutwa akifundishwa kimanagan. Akarudi na kadi mbili mpya: MWENYE na MLEZI. Sasa ng'ombe anaweza kulala kwa mmoja na kuwa wa mwingine, na ujumbe wa chanjo utawafikia wote wawili. Leo anazijaribu mbele ya kamati.

"Ng'ombe," anauliza, "unalala wapi?"

"Kwa huyu," anasema Mzee Kipkemoi, akimwonyesha Kiptum. "Na zizi lake linavuja."

"Uongo!" anasema Boma.

"Na mwenye wako ni nani?"

Mzee Kipkemoi anaangalia mlango. Anaangalia dirisha. Anakohoa kuliko ile kompyuta.

"Msichana wangu, ng'ombe mwenye adabu hajibu swali hilo mbele ya watu."

Jengo zima linaangua kicheko. Caren hacheki. Amebaki na kalamu hewani, kisha anaifuata kadi ya DAFTARI iliyo kifuani mwa Wambugu, na mstari uliosema "kutoa orodha ya wote" anaukata.

"Kumbe ng'ombe ajue mwenye wake, lakini asimwambie kila mpita njia," anasema. "Akiulizwa na mwenye, atajibu. Mlezi atajibiwa juu ya wale alio nao. Daktari ataambiwa ya chanjo. Wengine wabishe hodi kwa mwenyewe. Vitabu vyangu vya programu vimelisema hilo miaka yote, kila kitu kifiche mambo yake ya ndani, na mimi nilikuwa nikisoma tu."

Kabla wino haujakauka, anaingia Rebeccah, mke wa Mzee Kipkemoi, na mtungi wake wa maziwa. Anamtazama mumewe kuanzia kadi hadi viatu.

"Leo umekuwa ng'ombe? Afadhali. Pengine utakamuliwa."

Kisha anamgeukia mwenyekiti. "Wambugu, wewe ndiye daftari. Hebu niambie, huyu mzee wangu ana ng'ombe wangapi?"

Mzee Kipkemoi anafumba macho. Wambugu anafungua kinywa, maana kwa miaka kumi na tisa ameulizwa maswali kama hayo na kuyajibu yote. Anaitazama kadi yake, mstari uliokatwa.

"Mama," anasema polepole, "swali hilo aulizwe mwenyewe."

"Kumi na mmoja," anasema Rebeccah. "Mmoja nyumbani, watano kwa Kiptum, watatu kwa binamu yake, wawili ng'ambo ya mto. Akirudi na matope mekundu kwenye viatu, mimi najua amemsalimia yupi. Nilitaka tu kujua kama hiyo mashini ina mdomo."

Anaupandisha mtungi mezani. "Sasa niandike mimi. Niko na wawili kwa dada yangu. Na huyu asiambiwe wako wapi."

"Wawili?" mzee anafumbua macho. "Wa lini?"

"Aulizwe mwenyewe," wanajibu Boma na Daftari kwa pamoja.

Kamati haikungoja saa sita. Wambugu aliinuka na kusema daftari lake jeusi lingemweleza Rebeccah yote ya mumewe, na mumewe yote ya Rebeccah, kwa sababu hulala wazi mezani na kila aletaye maziwa hulipekua. Caren akapewa mwaka mzima. Daftari sasa linainua mguu mfupi wa meza ya kompyuta.

Mipango anayo. Ushirika mwingine wa Bomet umeshamwita, naye atabeba kadi tupu na uzi wa gunia. Kompyuta ataenda nayo siku ya tatu. Na kwa malipo ya mwaka huu, msichana wa nyumba za shamba la chai anataka kununua ng'ombe wake wa kwanza.

Atamweka kwa nani?

Caren anafunga mfuko wa plastiki, anatabasamu, anachukua mwavuli.

"Hilo," anasema, "hata programu yangu haitakujibu."