Robo Saa Niliyoificha

Ninaikumbuka vyema, mwanangu, siku ya kwanza ya Ramadhani ile, kwa sababu ndiyo siku niliyowafuturisha watu wa msikiti mzima na jua lingali angani. Sijapata kukuhadithia, wala babako sikumhadithia. Lakini jana ulikuja ukicheka kwamba ile programu yenu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa ilikosea kwa saa nzima, kwa kuwa nchi za ng'ambo husogeza saa zao kila mwaka na nyinyi hamkulihesabu hilo. Ukasema umeongeza saa moja kwa mkono mahali fulani, mambo yametulia, na mkubwa wenu anamdhania mwenzako ndiye aliyeharibu, kumbe ni wewe. Wewe ulikuwa ukicheka. Mimi chakula kilinishinda.

Basi kaa unisikize, na hiyo simu iweke kando.

Miaka michache kabla ya uhuru mimi nilikuwa fundi saa, kijana wa Kisauni mwenye maneno mengi na masharubu membamba niliyoyachonga kila Ijumaa. Kazi nilijifunza mjini, kisha nikavuka daraja nikarudi kwetu, nikadhani hakuna saa Kisauni nzima inayotembea bila idhini yangu. Ndipo serikali ikatangaza kwamba mwaka mpya wa Kizungu ukiingia, saa za nchi yote zisogezwe mbele robo saa. Siku hizi nikisema hivi watu hudhani nimezeeka vibaya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jua halikusogea, ni mishale tu. Nikapita nyumba hadi nyumba nikisogeza, na saa kubwa ya msikitini kwetu, iliyokaa ndani ya kabati lake la kioo, nikaisogeza huku watu wananitazama. Wallahi nilijiona waziri.

Kando ya saa ile palibandikwa ratiba ya magharibi, kila siku ya mwaka na saa yake, iliyopangwa zamani na imamu aliyekwisha kufa. Ilikuwa haitumiki sana. Muadhini wetu, Mzee Bakari, hakuwa na haja nayo. Kila jioni alitoka nyuma ya msikiti, akasimama mahali panapoonekana ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, akalitazama jua mpaka likazama upande wa bara, ndipo akaingia kuadhini. Mimi nikimcheka. Ramadhani ilipokaribia nikamwambia mbele ya watu, "Mzee Bakari, dunia imekwenda mbele. Saa ipo, ratiba ipo. Kukiwa na mawingu utaadhini kwa kubahatisha?"

"Kukiwa na mawingu nangoja mpaka moyo utulie," akasema. "Lakini Maalim akiniambia niifuate saa, n'taifuata."

Maalim, yaani imamu wetu, akaniuliza kama saa na ratiba ziko sawa. Nikamwambia ziko sawa. Ratiba yenyewe sikuitazama. Nilikuwa nimeisogeza saa kwa mkono wangu, basi kila kilichokaa karibu nayo nilidhani kimesogea pamoja nayo. Hilo ndilo kosa, wala si kubwa, na wewe kazini kwenu huenda mwalifanya kila wiki. Ratiba ilifuata saa ya zamani, ukuta ulikuwa na saa mpya, na kati yao palikuwa na robo saa ambayo hakuna aliyeiona.

Jioni ya kwanza upande wa magharibi ulifungwa na mawingu mazito. Mzee Bakari hakutoka nje, alisimama mbele ya saa kama alivyoagizwa. Mshale ulipofika, akaadhini. Watu wakapiga bismillahi, tende zikaingia vinywani, maji ya mtungi yakapita kooni. Mimi nilikuwa natafuna tende ya pili mwangaza ulipoingia kwa madirisha ya magharibi, ukatandaa juu ya mikeka na juu ya nyuso zetu. Mawingu yalikuwa yamepasuka. Jua lilikuwa juu ya vilima vya ng'ambo, duara zima, halina haraka hata kidogo.

Mzee mmoja alitema tende kiganjani, akawa hajui aiweke wapi.

Maalim akatangaza kwamba siku ile itabidi tuilipe. Watu wakatoka wakinung'unika kuwa Mzee Bakari amezeeka, haoni tena. Nami nilikuwa nimeshajua. Nilitazama ratiba, nikatazama saa, nikaliona lile pengo. Palihitajika maneno mawili tu, "Ni mimi," nikayameza pamoja na tende yangu.

Kesho yake nikamwendea Mzee Bakari chumbani kwake, ubavuni mwa msikiti.

"Shikamoo, Mzee. Niazime ufunguo wa kabati, niitie saa mafuta."

"Marahaba." Akaufungua kiunoni akanipa. Hakuniuliza lolote.

Mtu mwenye haya angeiandika ratiba upya. Lakini ratiba mpya ingeonekana, na watu wangeuliza imekuwaje. Basi nikairudisha saa nyuma robo. Jioni ile saa, ratiba na jua vikakubaliana, watu wakafuturu kwa raha zao, nami nikalala usingizi mnono. Nilidhani nimetengeneza. Kumbe nimeifanya saa ya msikiti iwe na wakati wake peke yake, tofauti na nchi nzima.

Hazikupita siku nyingi, jirani mmoja aliyefanya vibarua bandarini akaja kulalamika kwamba ameifuata saa ya msikiti akachelewa, na kibarua amekikosa. Maalim akatazama saa yake ya mkononi, akatazama ya ukutani. Baada ya sala ya alasiri akasimama mbele ya jamaa wote.

"Saa hii imerudishwa nyuma. Nani ameigusa?"

Mzee Bakari alikuwa safu ya mbele. Akageuka, akanitazama. Hakunikazia macho, alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, apite yeye kwanza. Alingoja. Nami nikauinamia mkeka, nikawa nafuata kwa kidole msuko wa ukili wake.

"Ufunguo wakaa kwangu," akasema mwishowe.

"Basi ni wewe uliyeigeuza?"

"Ufunguo wakaa kwangu, Maalim. Sina la kuzidisha."

Watu wakajiunganishia wenyewe: kwanza ametufuturisha mchana, kisha ameichezea saa ili afiche aibu yake. Maalim akamwambia, kwa adabu, kwamba sasa apumzike. Halafu, na hapa ndipo hata leo natamani ardhi inimeze, wakatafuta mtu wa kushika nafasi yake, mtu anayejua mambo ya saa. Wakanichagua mimi.

Nikakubali, mwanangu. Saa niliirekebisha, ratiba nikaiandika upya, watu wakanisifu, na Ramadhani yote iliyobaki nikaadhini mimi. Kila magharibi Mzee Bakari aliketi safu ya nyuma na tende mkononi, akingoja sauti yangu ndipo afuturu. Hakuwahi kunitangulia wala kuchungulia dirishani. Afadhali angenitukana.

Asubuhi ya Idi siri ikanishinda. Nikasimama mbele ya watu nikasema yote, ratiba, saa na ufunguo, kanzu yangu mpya imelowa mgongoni. Walinisamehe upesi kupita nilivyostahili. Wengine hata walicheka. Maalim akamshika Mzee Bakari mkono, akamtaka radhi, akamwomba arudi kuadhini siku ile ile.

"Radhi nimetoa," akasema Mzee Bakari. "Kuadhini, la. Mwezi mzima watu wamefunzwa kuwa sauti yangu yadanganya. Leo nikiadhini, kila mtu atatazama saa yake kwanza." Kisha akanigeukia mimi. "Pengo lilikuwa robo saa tu, kijana. Ukaliziba kwa jina langu."

Hakuadhini tena mpaka alipofariki. Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa, na watoto waliokulia msikitini pale hawakujua kamwe kwamba yule mzee mkimya wa safu ya nyuma aliwahi kuwa na sauti.

Sikwambii usikosee, mwanangu. Mambo ya saa yamewakosesha wajuzi zaidi kuliko mimi na wewe. Ninalokwambia ni kwamba ukikosea, tafuta palipoharibika utengeneze hapo hapo, usitengeneze mahali palipo karibu na mkono wako kwa sababu tu hapatazamwi. Kisha sema, na useme mapema, maana msamaha wa kuchelewa humfaa aliyekosa tu, aliyedhulumiwa haumrudishii kitu. Kesho mwenzako asitangulie kuitwa. Nenda wewe kwa mkubwa wenu, umwambie ni wewe, hata kama maneno hayajapangika.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Akuepushe na sifa ya kazi uliyoiharibu mwenyewe, na akufikishe kwa mwenzako jina lake lingali zima. Amin.