Mtutu wa Kidole cha Shahada

Shemeji yangu Severini alikuwa mwindaji wa Kasansa, mwenye gobole lenye kibali halali, na alitaka watu wajue hivyo hata kabla hawajamuuliza. Nilimzoea kwa utani tangu alipomwoa dada yangu Pudensiana. Nikimwambia kwamba mkoa mzima hakuna mwanaume anayejisifu kama yeye kwa kuua ngedere, ananijibu kwamba mke wake mdogo, yaani mimi, hana adabu, ndiyo maana hakuna aliyekuja kumposa. Wageni walidhani tunagombana.

Gobole lake la zamani lilikuwa la kidole gumba. Fundi wetu wa magobole hapimi tundu la mtutu kwa rula. Mteja anachomeka kidole kwenye mdomo wa mtutu, na kikiingia kwa kukaza kidogo, basi hilo ndilo lake. La gumba ni la wenye mabega. Linakula baruti bila huruma, linakupiga mpaka unavimba, na kanga ukimpiga nalo unaokota manyoya. La kidole cha mwisho ni jepesi, lakini masizi hulijaa upesi na goroli zake ni chache, kwa hiyo nguruwe pori akipigwa anaondoka zake anatembea. Katikati lipo la kidole cha shahada. Hilo Severini alilidharau miaka yote. Alisema ni la watu wasiojua wametoka nyumbani kwenda kuwinda nini.

Mwaka jana mtutu wa lile la gumba ulipasuka shambani, na ni Mungu tu aliyemwepusha. Muda si mrefu akaanza kukataa chakula, hata migebuka ya kukaanga, samaki ambao zamani alikuwa akigombania vichwa vyao. Tukamleta Mpanda, kwangu Makanyagio, awe karibu na hospitali. Wakati tunasubiri majibu ya vipimo, akanituma nimwite fundi Ladislas kutoka Kawajense. Bado alikuwa na mwili wake. Ladislas alimletea vipande vya mitutu vya kupimia. Severini akachomeka gumba, akafikiri, akalichomoa, akachomeka cha shahada kwenye kile cha katikati. Kikakaza vizuri.

"Bega langu limechoka kupigwa," akasema. "Nataka la kulindia mahindi na kupatia kanga wa mboga. Nitengenezee la hiki."

Dada alicheka, akasema hatimaye mume wake amekuwa mtu mzima. Mimi nilishindwa kucheka. Sikuwahi kumsikia Severini akikiri kwamba kuna kitu kwake kimechoka.

Majibu yalipotoka, daktari alituita mimi na dada pembeni. Ilikuwa saratani ya ini, nayo imekwenda mbali. Alisema tumpe anachopenda kula. Nje ya geti dada alinishika mkono kwa nguvu.

"Severini asijue. Akijua atageukia ukutani, Scola, hataniangalia tena."

Nilimwambia hapohapo kwamba anakosea, tena kwa sauti, mpaka vijana wa bodaboda wakageuka. Mtu mzima unamfichaje kifo chake mwenyewe? Lakini mume alikuwa wake, na machozi yalikuwa yake. Tukarudi nyumbani tukamwambia ni vidonda vya tumbo, vitapona polepole. Nilichukia kila neno lililotoka mdomoni mwangu. Yeye akaitikia, akaomba uji wa ulezi, akaanza kuhesabu kwa sauti kazi zinazomsubiri Kasansa, maana mahindi yalikuwa yanakaribia kubeba na nguruwe pori hawamsubiri mgonjwa apone.

Ladislas alichelewa kidogo, kama mafundi wote. Alipokuja, gobole lilikuwa kwenye gunia, kitako chake cha mninga kimepigwa msasa mpaka kinateleza. Ni mzaliwa wa Katumba, wazazi wake walitoka Burundi, na kazi yake anaionea fahari hata asiposema. Akampa Severini kwa mikono miwili. Shemeji akakaa sawa kitandani, akachomeka kidole cha shahada.

Kikapwaya. Alikizungusha humo ndani bila kugusa ukingo.

"Fundi, umeniharibia," akasema. "Hili ni la gumba. Mimi nilikwambia la hiki! Nyie vijana hata kupima tu hamwezi?"

Ladislas alikitazama kile kidole, kisha akautazama mkono mzima. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Akafungua mdomo, na dada, aliyesimama nyuma ya mumewe, akatikisa kichwa.

"Nimekosea, muzee," akasema Ladislas. "Unisamehe. Natengeneza ingine."

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amelikumbatia lile gunia. "Sijakosea, dada," akaniambia. "Nilikata vilevile nilivyopima."

"Tunajua," nikamjibu, nikarudi ndani upesi nisije nikalia mbele ya majirani.

Safari ya pili alileta lenye mtutu mwembamba kweli, karibu na la kidole cha mwisho. Alikisia, masikini, akijaribu kuwahi mwili uliokuwa unakimbia. Siku hiyo Severini hakuweza kukaa mwenyewe, nikamwegemeza kwenye mito. Akachomeka kidole kile kile. Kikazama chote, na nafasi ikabaki.

Tulisubiri atukane. Nilikuwa tayari hata kumsaidia kutukana. Hakutukana. Alikichomoa kidole, akaugeuza mkono upande wa ndani, akaugeuza upande wa nje. Pete yake ya ndoa dada alikuwa ameizungushia uzi mweusi isidondoke, na macho ya Severini yakatua kwenye ule uzi yakakaa.

"Na hili umekosea, fundi?" akauliza kwa upole.

Ladislas akainamisha kichwa. "Hapana, muzee."

"Na lile la kwanza?"

"Hapana."

Severini akaniangalia mimi. Nilitafuta utani wowote, hata wa kijinga, nikakosa. Moyo uliniuma na papo hapo nikasikia nafuu, na hiyo nafuu ikanitia aibu. Kisha akamwangalia mke wake. Hakuuliza tangu lini. Hakugeukia ukutani pia, dada alikosea hapo. Alimwangalia muda mrefu, kwa namna ambayo mimi na fundi tulipaswa kutoka nje, ila hatukutoka.

"Mahindi yatahitaji mtu," akasema mwishowe. "Kibali mtakwenda kufuatilia, Scola anajua kuwasumbua watu wa ofisini. Fundi, mpime mama. Chukua cha shahada, bega lake ni zima."

Ladislas akaunyanyua mtutu taratibu, akamgeukia dada, akasubiri.

Pudensiana aliiingiza mikono yake yote miwili ndani ya kitenge, akaikunja kifuani, akakataa kuitoa.