Ramani ya Uani kwa Dafroza

Mwaka 1993 Projest, mtafiti wa mradi wa kuhifadhi udongo, alifika Songambele akiwa ameiva kwa semina: mtafiti haamrishi, wanakijiji ndio wanaojua. Akawaacha wakulima wachore wenyewe ramani ya kijiji ardhini, uani kwa Mama Dafroza, naye akakaa pembeni akitabasamu kama bwana harusi. Majivu yakawa barabara, mawe yakawa nyumba, na kwenye mipaka ya mashamba wakachomeka vijiti vya mlamula, mmea uleule wa mipakani ambao ukishapandwa hakuna anayethubutu kuung'oa. Projest akapiga picha, akashukuru, akaondoka.

Aliporudi baada ya masika, vijiti vilikuwa vimeota majani, na katikati ya ua alikuwa amefungwa mbuzi wa Telesfori, jirani wa Dafroza.

"Shikamoo, mama. Mbuzi huyu vipi?"

"Marahaba. Yuko shambani kwao," Dafroza alifoka. "Si ndiko mlikowapimia kwenye ramani yenu? Hebu ng'oa vijiti vyako, nipate pa kuanika kahawa!"

Projest, mzaliwa wa Bugene, si mbali na hapo, aliinama akashika shina la kwanza. Akamkumbuka marehemu babu yake, aliyemwonya kwamba ang'oaye mlamula hulaaniwa. Akaliachia kama kaa la moto.

"Mama, ramani ni ya wanakijiji. Mimi siamrishi."

Dafroza alimwonyesha mlango wa jikoni, ng'ambo ya ua. "Haya. Chai iko jikoni."

Projest alianza kukatiza ua kwenda jikoni. Alipofika kwenye mlamula wa kwanza akasimama, akamtazama mbuzi, akapiga hodi.